Siku Niliyopiga Mwano wa Ng'ombe

Nilikulia kwenye nyumba za reli, Morogoro, kwa hiyo nilijua vizuri jinsi msaada unavyokuja. Mtu akizidiwa, mmoja anakimbia kwa stesheni masta, stesheni masta anazungusha simu yake, na baada ya muda gari la hospitali linaingia uani likitimua vumbi, watoto wote wakilifukuzia. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mji ambako msaada unakuja kwa njia nyingine. Ndio ujinga wa mtu aliyelelewa karibu na simu.

Tarime nilifika miaka ile ya ujamaa, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu akiwa bwana shamba. Tulipata nyumba Turwa, pembezoni kabisa mwa mji, ambako ukifungua mlango wa mbele unaona mji, na ukifungua wa nyuma unaona mtama, mahindi na zizi la jirani. Nilikuwa na mimba. Ile ya kwanza ilikuwa imenitoka Morogoro bila mtu kunieleza sababu, na hii ya pili niliibeba kama mtu aliyekabidhiwa vyombo vya udongo vya mama mkwe wake. Nilitembea polepole, nilikaa polepole, na usiku nilikuwa nikiweka mkono tumboni kuhakikisha kwamba bado tuko wawili. Nilimtaka sana mtoto yule. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Jirani yetu alikuwa mama mjane wa makamo ya juu, aliyekuja siku ya pili na kibuyu cha maziwa mgando. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama tumbo bila kuficha, kisha akakaa. Nikaona huyu ndiye wa kuuliza.

"Mama, nikizidiwa hapa, simu napiga wapi?"

Akafikiri. "Simu iko posta. Lakini kama umezidiwa, binti yangu, posta utafikaje?"

Nikalitazama tumbo langu.

"Hapa ukizidiwa usikae na shida yako ndani," akasema. "Toka nje upige mwano. Atakayesikia atakuja."

Mwano ni yowe, lile la kuita watu. Nikamuuliza, na asipokuja je?

"Hiyo ni kesi. Atatozwa."

"Na mtu akipiga bure?"

"Hiyo nayo ni kesi."

Nilicheka. Nilijiambia kwamba nimehamia wilaya ambayo hata kupiga kelele kuna sheria zake, na jioni nikamsimulia mume wangu, naye akacheka. Tulikuwa vijana na kila kitu cha wenyeji kilitufurahisha, hasa vile ambavyo hatukuvielewa.

Kitu ambacho mama yule hakuniambia, kwa sababu hakuna anayefikiri kumfundisha mtu mzima kulia, ni kwamba mwano una aina zake. Kuna wa moto, kuna wa msiba, kuna wa fisi kuingia zizini, na kuna wa ng'ombe kuibiwa. Mimi nilikuwa nimesikia mmoja tu. Asubuhi moja, wiki chache baada ya kufika, ng'ombe wa boma la ng'ambo ya kijito walikuwa wamechukuliwa, na mwano ukapigwa. Ulianza juu, ukashuka, ukapanda tena na kukatika ghafla. Mimi nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya tangu msichana, na wimbo mzuri ukinipita sikioni haunitoki. Kwa siku kadhaa nikawa naujaribu kwa sauti ya chini jikoni, mbele ya sufuria, hadi nikauweza kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa wakati wa likizo, siku ya shamba la pamoja. Karibu mtaa mzima ulikuwa umekwenda kupalilia. Mume wangu alikuwa ameitwa Musoma kwenye semina, na kwa hesabu ya kliniki tulikuwa bado tuna wiki kadhaa. Nilikuwa nimekaa uani napepeta ulezi, nikiwa mzima kabisa na nimejaa furaha ya mtu asiye na wanafunzi, mara nikahisi maji yananitoka na ungo ukaniponyoka. Uchungu haukuanza taratibu kama nilivyoambiwa. Ulikuja wote kwa mkupuo, kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote.

Nikafungua mlango wa mbele. Ng'ambo ya bonde niliona mabati ya hospitali yakimeremeta juani, karibu kabisa kwa macho. Njiani hapakuwa na mtu. Nikajikokota hadi kwenye uzio wa minyaa na hapo miguu ikagoma. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilikasirika pia, nikimkasirikia mume wangu, semina, Musoma na yeyote aliyebuni wilaya. Kisha nikakumbuka maneno ya jirani.

Nikaweka kiganja mdomoni, nikageuza uso kule kwenye mabati, nikapiga mwano.

Nasema kwa haki, ulikuwa mwano mzuri. Ulipanda ukatulia pale panapotakiwa, ukashuka, ukakatika. Mbwa mmoja akabweka. Halafu kutoka shambani sauti ya mwanamume ikaudaka, ikaurusha mbele, na mwingine juu ya kilima akaupokea, na mwingine mbali zaidi, hadi nikaisikia sauti yangu ikielekea upande wa Nyakunguru bila mimi. Nikawaza, loo, kumbe ni bora kuliko simu.

Na watu wakaja. Sijui niliwatarajia akina nani, labda mama wawili watatu na mkokoteni. Walikuja wanaume. Walitokea kwenye mtama, walitokea barabarani, waliruka uzio wangu wa minyaa bila kuutazama, na mikuki, pinde na podo za mishale, mapanga; mmoja alikuwa bado na povu la sabuni kichwani na taulo kiunoni, ameshika sime. Mzee mmoja alikimbia akitafuna. Katika nchi ile ambayo huwezi kuomba hata maji kabla ya kusalimiana kwa kirefu, hakuna aliyenisalimu.

"Wameenda wapi?" akauliza wa mbele.

Uchungu ulikuwa umenishika, mdomo haufunguki. Nilichoweza ni kunyoosha mkono kuelekea hospitali. Nilikuwa nasema nipelekeni kule. Sikujua kwamba katika mwano wa ng'ombe, pale uso wa mpigaji ulipoelekea na pale mkono wake uliponyooka ndipo wezi walipopita.

"Bondeni, mura," yule wa mbele akamwambia kijana mwenzake, na wote wakaenda.

Wote. Niliiona migongo yao ikishuka bondeni kwa kasi, mikuki ikiyumba, povu la sabuni likiruka, na mimi nimebaki pale mkono umenyooka, mtu pekee katika historia ya Turwa aliyeita msaada, ukaja, ukampita. Nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Uchungu unanipasua, machozi yananitoka, nami nimeshika uzio nacheka. Sijawahi tena kucheka na kulia kwa pumzi moja.

Wanawake walikuja nyuma yao, kwa sababu wao hawaruki uzio. Jirani yangu alikuwa wa kwanza, jembe begani, anahema.

"Ng'ombe wa nani, mwalimu?"

"Hakuna ng'ombe, mama. Ni mimi."

Akanitazama, akaitazama khanga yangu iliyolowa, kisha akatazama bondeni ambako wanaume walikuwa wameshavuka kijito. Akateremsha jembe.

"Mwalimu," akasema polepole, "umetuma jeshi."

Wenzake wakaanza kucheka, nami nikawa nacheka nao, na katika kicheko kile wakanishika mikono na kuniingiza ndani. Mama yule alikuwa amepokea watoto wengi wa mtaa ule kwa mikono yake. Aliipitisha juu ya tumbo langu kwa utani, huku anawasimulia wenzake jinsi nilivyonyoosha mkono, halafu utani ukamwishia katikati ya sentensi. Akapapasa tena. Akachungulia.

"Huyu anatanguliza miguu," akasema. "Huyu si wa mikono yangu. Anataka mtu wa hospitali."

Kicheko kikaisha chumbani. Mmoja akasema waitwe wanaume warudi, wanibebe. Mwingine akasema mwano ukishatoka haurudi, watakimbia hadi waone kwato. Basi wakaanza kung'oa kitanda changu waninyanyue nacho wenyewe, na hapo ikazuka hoja kali kama mgonjwa hubebwa kichwa mbele au miguu mbele, wengine wakisema miguu mbele ni maiti. Mimi niko juu ya kitanda hichohicho, nawasikiliza, nimemshika jirani yangu kidole gumba na simwachii. Nilikuwa namwomba Mungu kitu kimoja tu, asinichukulie na huyu.

Yaliyotokea ng'ambo ya bonde nimesimuliwa mara nyingi, na kila msimuliaji anaongeza chumvi yake, lakini kiini hakibadiliki. Wanaume walifika hospitali na kuizingira pande zote, kama inavyotakiwa. Walipekua nyuma ya jiko. Walichungulia madirishani, na wagonjwa ambao hawakuwahi kuinuka tangu waletwe, siku ile waliinuka. Mmoja alimuuliza mgonjwa aliyefungwa mguu kama ameona ng'ombe wakipita wodini, na mgonjwa, kwa heshima, akafikiri kwanza kabla ya kusema hapana.

Mkunga akatoka nje. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu.

"Mnatafuta nini hapa na mikuki?"

"Ng'ombe."

"Mwano kapiga nani?"

Wakaulizana. "Yule mwalimu mgeni wa Turwa."

"Yule mwalimu ana ng'ombe?"

Hapo, wanasema, mikuki ikaanza kuteremka mmoja mmoja. Maana hakuna aliyejiuliza. Kwao mwano haujadiliwi, mtu anakimbia kwanza.

"Yule mwalimu ana mimba," mkunga akasema. "Mimi ndiye ninayempima."

Gari la hospitali lilikuwa limempeleka mgonjwa upande wa Serengeti. Basi ikachukuliwa baiskeli ya mtu aliyekuja kumjulia hali ndugu yake, mkunga akapakiwa kwenye keria, mkoba mapajani, na kijana mwenye mapaja manene kuliko wote akakanyaga. Kwenye mteremko walimshika mkunga asidondoke, kwenye kijito waliibeba baiskeli yeye akiwa juu yake, na kwenye mlima wa kuja Turwa walisukuma watu wanane huku wengine wakikimbia pembeni na mikuki, kwa sababu hakuna aliyewaambia waiache. Mama mmoja njiani aliuliza kama huyo kwenye keria ndiye mwizi mwenyewe. Mkunga alinisimulia hilo baadaye, na bado lilikuwa linamuuma.

Sisi tulisikia tu vishindo, na kitanda kikiwa kimeshatoka nusu mlangoni na kukwama, mkunga akaingia kwa kukipitia chini. Akafukuza watu wote isipokuwa jirani yangu. Sitasimulia mengi ya pale, wenye watoto wanayajua na wasio nao wataogopa bure. Nitasema tu kwamba kuna wakati mkunga aliacha kunipa amri. Jirani yangu naye, aliyekuwa amenishika kichwa, akanyamaza. Ukimya ule niliujua, nilishawahi kuusikia Morogoro, na nilihisi moyo unaniteremka mahali ambapo sikutaka kurudi tena. Nikasikia kofi dogo. Jingine. Kisha mtoto akalia, kwa hasira, sauti ya juu isiyotetereka.

Nje pakalipuka kelele. Nilikuwa nimewasahau wanaume. Walikuwa wamekaa uani mwangu wote, na mikuki yao, kwa sababu mwano hauachwi mpaka mwisho wake ujulikane. Kichwa kimoja kikachungulia dirishani kuuliza kama wamepatikana. Mkunga akajibu kwamba amepatikana binti, mzima, na sasa waende wakaoge. Yule mwenye povu kichwani alikuwa miongoni mwao, limemkaukia.

Mume wangu alirudi na mkoba wa semina, akakuta ana mtoto, kitanda kimefungwa kwa kamba, na mkewe ana kesi. Kesi kweli. Kitovu cha mtoto kilipodondoka tuliitwa kwenye iritongo, baraza lao la wazee na watu wote. Shitaka lilikuwa kwamba nimepiga mwano wa ng'ombe na ng'ombe hawakuwepo. Mlalamikaji alikuwa mtu mmoja aliyeteguka mguu kijitoni. Alizungumza kwa uchungu sana, na kila mara alipopata nafasi aliunyanyua mguu.

"Sisi hatukatai kuzaa," akasema. "Lakini mwano wa ng'ombe ni wa ng'ombe. Leo mwalimu anaupiga kwa mtoto, kesho mwingine ataupiga kwa kuku. Siku ng'ombe wenyewe wakichukuliwa, nani atakimbia?"

Watu wakaguna kukubali. Hata mimi niliona ana hoja, na hilo lilinitia hasira zaidi. Mzee aliyeongoza akanigeukia.

"Mwalimu, ulikuwa unapotelewa na nini?"

"Na mtoto," nikasema.

"Mtoto si ng'ombe," yule wa mguu akadakia.

"Kwangu mimi ni zaidi ya ng'ombe wote wa wilaya hii," nikasema, nikaona aibu, nikamfunika mtoto uso ingawa hapakuwa na jua.

Wazee wakanong'onezana. Kisha mzee mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi akauliza, "Ni mtoto gani?"

"Wa kike," akajibu jirani yangu kabla yangu.

"Binti hapa kwetu anaolewa kwa kitu gani?"

"Kwa ng'ombe," baraza zima likajibu.

"Basi mwano ulikuwa wa ng'ombe," akasema mzee. "Ila walikuwa bado mbali."

Nilitaka kukasirika. Kuna sehemu yangu imekasirika mpaka leo, na binti yangu nilimlea akijua kwamba yeye si zizi la mtu. Lakini pale pale nilicheka, na nikasimama kusema jambo moja la haki: kwamba sisi kwetu hatuna mambo ya ng'ombe, wasije wakamhesabia mtoto wangu sheria isiyo yake.

"Amezaliwa Turwa," mzee akasema. "Wanaume wote wa hapa wamemkimbilia. Huyo ni wa kwetu."

Nilikaa chini, na nilifurahi kiasi kwamba niliogopa kuonekana nimefurahi.

Ingeishia hapo, lakini yule wa mguu hakuwa mtu wa kushindwa siku nzima. Akasimama tena. Akasema amekubali, mwano ulikuwa halali. Ila kama ulikuwa halali, sheria ina upande wa pili, na angependa kujua nani aliyepigiwa mwano asije. Watu wakaanza kutazamana wakihesabiana. Huyu alikuja. Huyu alikuja anatafuna. Huyu alikuja na taulo. Macho yakazunguka baraza lote na kutua, moja baada ya jingine, kwa mume wangu.

Mume wangu akasimama, akarekebisha kola. "Wazee wangu, mimi nilikuwa Musoma kikazi. Kwenye semina."

"Semina ya nini?" akauliza mzee.

Nilimwona anatafuta jibu lingine na kulikosa. "Ya kuishi pamoja na kusaidiana," akasema.

Hakuna aliyecheka mara moja, maana ni watu wenye adabu. Jirani yangu ndiye aliyeanza, akajificha kwenye khanga yangu, kisha baraza zima likafuata, na mume wangu, Mungu ambariki, akacheka kuliko wote. Alitozwa mbuzi. Mbuzi alichinjwa uani kwetu, na mlalamikaji, aliyekuja akichechemea, aliondoka amesahau kuchechemea.

Mtoto alikuwa ameanza kukaza shingo ilipofika asubuhi nyingine, ya siku ya kawaida tu. Nilikuwa nasonga ugali. Mwano ukapigwa kutoka upande wa kijito. Sikumbuki kuamua chochote. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta katikati ya mtama, mtoto mgongoni yuko macho na kimya, mwiko mkononi una ugali, na mbele yangu mume wangu anakimbia na kiatu kimoja. Jirani yangu akanifikia, akanitazama bila kupunguza mbio.

"Mwalimu, huo mwiko ni wa nini?"

"Sijui, mama."

"Na wamepotelewa na nini?"

"Hilo nalo sijui," nikasema, nikaongeza mwendo.